Fedha ya Kuweka: Sarafu za Kumbukumbu, Kutoka Njia ya Ugogo Hadi Sanduku la Bi Harusi



Msimu wa harusi umefika na sisi mafundi hatulali. Tunashona huku visiwani, na mizigo mingine tunaipeleka Dodoma, ambako wateja wetu wameongezeka tangu Serikali ilipohamia huko. Kati ya maswali ya lesi na shanga, siku hizi tunaulizwa na swali jengine: "Nikitaka mahari yangu yawe sarafu za fedha, zile za kumbukumbu, inafaa?" Wapo wanaoziona kwenye simu, ziking'aa kama kioo, zina picha ya twiga au kifaru. Wapo waliozikuta kwenye kabati la marehemu babu aliyekuwa mtumishi wa Serikali.

Jibu fupi ni kwamba inafaa. Lakini mali ni vizuri kuijua kabla ya kuipokea, na sarafu hizi zina historia ndefu inayopita visiwani kwetu, ikapanda bara hadi uwanda wa kati, na ikarudi. Leo tuizungumze, halafu tumalizie na mambo ya mahari, zaka na utunzaji.

Neno moja, maana mbili

Kiswahili chetu kimeshatupa dokezo. Fedha ni pesa, na fedha ni ile madini nyeupe ya bangili na pete. Wazee walitumia neno moja kwa sababu kwao kilikuwa kitu kimoja. Thamani ya sarafu ilikuwa ndani ya madini yake, si katika maandishi ya juu. Ukiiyeyusha, thamani inabaki.

Visiwani tumeijua fedha hiyo kwa karibu miaka elfu moja. Mwaka 1984, kule Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu, ya zama za karne ya 11. Nyingi ni sarafu ndogo sana, nyepesi, zenye maandishi ya Kiarabu na majina ya watawala Waislamu wa mwambao. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kuweka sarafu ni mambo ya Wazungu, mwambie aanzie Pemba.

Baadaye ikaja riale. Ile kubwa yenye sura ya mwanamke mnene ni ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Sarafu hiyo ilipendwa sana kuanzia Bahari ya Shamu mpaka Unguja, na watu hawakutaka nyengine, basi ikaendelea kupigwa kwa zaidi ya miaka 150 baada ya kifo chake, daima na mwaka uleule 1780. Ina uzito wa gramu 28 na nukta, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha safi. Ukiuziwa riale ya 1780 ukaambiwa imepigwa mwaka huo, usikubali kulipia umri ambao huenda haina. Sayyid Barghash naye alitoa riale ya fedha yenye jina lake mwaka 1299 Hijria, sawa na 1882, lakini watu wakaendelea na ile waliyoizoea.

Masonara walizifanyia kazi yao. Riale iliyeyushwa ikawa kikuku, bangili, kidani. Ndiyo maana fedha nyingi ya bibi zetu haikuwahi kukaa benki. Ilikaa mwilini, na siku ya shida ilivuliwa mguuni ikapelekwa kuuzwa.

Ugogo, nguo ndiyo iliyokuwa pesa

Sasa tupande bara. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikaingia Ugogo, ndiyo Dodoma ya leo, kisha ikaelekea Tabora na Ujiji. Ugogo ni nchi kavu, na mwenye kisima ndiye mwenye neno. Watemi wa Kigogo walitoza hongo kwa kila msafara uliotaka maji na njia. Burton aliyepita mwaka 1857 na Stanley aliyepita 1871 wote waliandika walivyohesabiana na watemi hao kituo baada ya kituo.

Hongo hiyo haikulipwa kwa riale. Ililipwa kwa merikani, ile pamba nyeupe ngumu iliyotoka Marekani, kwa kaniki ya Uhindi, kwa shanga na kwa waya wa shaba. Hesabu yake ilikuwa mikono, shuka na doti. Mikono minne ni shuka moja, na shuka mbili ni doti. Dada, neno hilo unalolisema dukani ukinunua khanga, "nipe doti moja", lilikuwa kipimo cha pesa katika njia ya Dodoma. Sisi wa cherehani tuna haki ya kujivunia kidogo hapo.

Lakini angalia tofauti. Nguo huchakaa, panya hula, mvua huozesha. Mfanyabiashara aliyerudi pwani aligeuza faida yake kuwa fedha, na fedha ndiyo iliyoingia sandukuni. Nguo ilikuwa pesa ya kutumia na riale ilikuwa pesa ya kuweka.

Rupia, hela na reli

Fedha iliufikia uwanda wa kati kwa wingi wakati wa Wajerumani, na haikufika kwa hiari. Kampuni ya Kijerumani ilianza kupiga rupia zake mwaka 1890, upande mmoja sura ya Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia yenye tai, upande wa pili simba na mnazi. Rupia moja ilikuwa na gramu 11.66, na fedha safi zaidi ya asilimia 91, sawa na rupia ya Uhindi. Mwaka 1898 ikaanza kutozwa kodi ya nyumba, na kwa watu wa vijijini ilikuwa rupia tatu. Mtu aliyezoea kuhesabu ng'ombe, mtama na doti akalazimika kuitafuta sarafu ya fedha, ama kwa kuuza alichonacho au kwa kwenda kufanya kazi mbali na kwao.

Mwaka 1904 rupia moja ikagawanywa kuwa Heller 100. Hapo ndipo lilipotoka neno "hela". Mpaka leo wateja wetu wa Dodoma wanasema hela na sisi tunasema pesa, neno lililotujia kutoka Uhindi. Reli ya kati ikafuata njia ya misafara. Ilifika Morogoro 1907, ikapita Dodoma, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914.

Kisha ikaja Vita Kuu. Meli hazikuweza tena kuleta sarafu kutoka Ujerumani, na watu waliificha rupia ya fedha kwa kuwa noti za dharura zilizochapishwa hapahapa hawakuziamini. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kuwa kiwanda cha sarafu. Zilipigwa hela za shaba na shaba nyeupe ya mkono wa haraka, na sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, huko Singida. Za dhahabu zilitoka 16,198 tu. Septemba mwaka huohuo Tabora ikatekwa na majeshi ya Ubelgiji na kazi ikakoma. Leo tembo wa Tabora anatafutwa na wakusanyaji dunia nzima, na kwa hiyo wa bandia pia ni wengi. Ukiletewa, mpeleke kwa mjuzi kabla hujatoa hata senti.

Waingereza walileta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, yenye simba mbele ya milima. Wengi wanaiweka wakidhani ni fedha tupu. Ile iliyopigwa mpaka mwaka 1946 ina fedha robo tu, na kuanzia 1948 haina fedha kabisa. Iweke kwa mapenzi, ila usiipokee kama mahari ya fedha.

Shilingi mbili za hamsini, vifaru wawili

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966, Gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei, na mwaka huo tukapata sarafu zetu wenyewe. Senti 20 ilikuwa na mbuni, senti 50 sungura, na shilingi ikawa na mkono ulioshika mwenge. Hizo zilikuwa za sokoni.

Za kumbukumbu ni jambo jengine. Oktoba 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka uliofuata, 1974, Tanzania iliingia katika mpango wa kimataifa wa sarafu za hifadhi ya wanyama, ulioshirikisha shirika la WWF na kiwanda cha sarafu cha Uingereza. Tukapata tatu, zote zikiwa na sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja. Shilingi 25 ya fedha ina twiga, shilingi 50 ya fedha ina kifaru, na shilingi 1,500 ya dhahabu ina duma. Zilizopigwa kwa namna ya pruufu zina fedha safi 925 katika kila 1,000. Ile ya twiga ina gramu 28.28, ile ya kifaru gramu 35.

Pruufu ni nini? Kwa lugha ya cherehani, sarafu ya kawaida ni nguo ya kiwandani, na pruufu ni gauni la bi harusi. Kipande cha madini husuguliwa kwanza, muhuri wake nao husuguliwa mpaka ung'ae, halafu sarafu hupigwa zaidi ya mara moja ili kila mstari ushike. Ndiyo maana chini huonekana kama kioo na picha huonekana nyeupe kama umande. Haikutengenezwa ipite mikononi mwa watu, ilitengenezwa iwekwe.

Baada ya hapo zikaja nyengine. Mwaka 1981, kwa miaka 20 ya Uhuru, ilitoka shilingi 200 ya fedha. Mwaka 2011, kwa miaka 50, ikatoka ya shilingi 50,000. Benki Kuu yenyewe sasa ina makao makuu Dodoma, katikati ya ile njia ya hongo. Ukitaka kujua sarafu gani ni halali na imetolewa lini, anza na wao, si na mtu wa mtandaoni.

Sasa chukua pochi yako utafute shilingi 50 ya siku hizi. Utaona kifaru na mwanawe. Iweke pembeni ya shilingi 50 ya mwaka 1974. Zote zimeandikwa hamsini, zote zina kifaru. Moja hainunui hata pipi mbili. Nyengine, kwa fedha iliyomo ndani yake tu, ina thamani zaidi ya mara elfu ya maandishi yake. Na kuna huzuni ndani yake, kwani katika miaka ya 1970 na 1980 ujangili uliwamaliza vifaru sehemu nyingi za nchi yetu. Sarafu ilipigwa ili kuwaombea, na imebaki wakati wengi wao hawapo.

Na picha je?

Wasomaji wetu wanauliza kuhusu sura za watu na wanyama. Wakati wa Mtume (S.A.W.) watu wa Madina walitumia dinari za Warumi na dirhamu za Waajemi, na zote zilikuwa na sura za wafalme. Ilikuwa ni Khalifa Abdul-Malik bin Marwan aliyetoa dinari isiyo na picha, yenye maneno matupu, mwaka 77 Hijria, sawa na 696 au 697. Waislamu waliishi na sarafu zenye sura kabla yake, na sisi tunazo mifukoni kila siku. Hata hivyo kuiweka kama mali sandukuni ni tofauti na kuitundika ukutani kama pambo. Kwa hilo la pili, muulize sheikh unayemwamini.

Mahari, na karatasi yake

Wake wa Mtume (S.A.W.), kama alivyosimulia Bi Aisha (R.A.), walipewa mahari ya dirhamu 500. Dirhamu ya sharia ni kama gramu 2.975, kwa hiyo tunazungumzia takriban gramu 1,487 za fedha, yaani karibu sarafu 57 za uzito wa ile ya twiga. Hatusemi hivyo ili kumbebesha kijana mzigo, kwani mahari mepesi yana baraka. Tunasema ili ujue kwamba mahari ya fedha si jambo la kuiga, ni la asili.

Lakini pokea kwa maandishi. Mteja wetu mmoja, mama wa makamo kutoka Kondoa, ametupa ruhusa tulisimulie lake bila jina. Katika mahari yake zilikuwamo sarafu sita za fedha, za twiga na za kifaru. Marehemu mumewe alikuwa mkusanyaji, na kwa nia njema alizihifadhi pamoja na zake katika kabati moja. Alipofariki, ndugu walifungua kabati wakahesabu kila kitu kuwa mirathi. Cheti cha ndoa kilisema mahari yamelipwa, basi. Hakikutaja sarafu. Ilibidi aitwe shangazi aliyekuwepo siku ya ndoa, naye alikuwa mbali. Alipofika akashuhudia, na wazee wakakubali. Kwa wakati huo mbili zilikuwa zimeshauzwa kwa sonara kwa uzito wa kilo, na zimeyeyushwa. Yule mama alituambia fedha aliyorudishiwa haikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba mumewe alikuwa amempa kitu, na kitu chenyewe hakipo tena.

Surat An-Nisaa, aya ya nne, imeamrisha wanawake wapewe mahari yao. Ni mali yako wewe, si ya baba, si ya mume, na wala haiingii kwenye mirathi yake. Na kama hukulipwa, ni deni linalotoka kabla ya mirathi kugawanywa. Basi mwambie anayeandika cheti aandike idadi, nchi, thamani iliyoandikwa juu, mwaka na uzito. Kwa mfano, "sarafu tatu za fedha za Tanzania, shilingi 25, mwaka 1974, gramu 28.28 kila moja." Ni mstari mmoja tu. Piga na picha, pande zote mbili, umpe mtu wako wa karibu nakala.

Na zaka usiisahau. Sarafu si kama bangili unayovaa. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, takriban gramu 595 za fedha safi. Sarafu ya gramu 28.28 yenye 925 ina fedha safi gramu 26.16, kwa hiyo ukifikisha 23 za namna hiyo, au riale 26 za Maria Theresa, na mwaka ukapita, hesabu asilimia mbili na nusu. Kama una akiba nyengine, sheikh wako atakuonyesha namna ya kuzijumlisha.

Jengine ni riba. Ukitaka kubadilisha fedha kuukuu kwa fedha mpya, usitoe gramu 50 ukapewa 40 kwa kuwa ile imepambwa. Fedha kwa fedha ni uzito sawa, mkono kwa mkono. Uza kwanza, shika pesa yako, halafu nunua, ulipe na upokee palepale.

Zitunze kama nguo ya harusi

Ishike ukingoni, usiiguse uso kwa vidole. Iache ndani ya kikasha chake cha plastiki ngumu. Mifuko laini ya nailoni na mipira ya kufungia noti huichafua kwa muda. Usiisugue kwa dawa ya meno, majivu wala limau, kwani ukiufuta ule uso wa kioo umefuta pruufu yenyewe, na mkusanyaji atakupa bei ya chuma chakavu. Weusi mwepesi wa umri si ugonjwa.

Usiweke katika sanduku moja na mafuta ya manukato, udi au vidonge vya nondo. Huku visiwani hewa ina unyevu na chumvi, kwa hiyo fedha hupata weusi haraka. Dodoma ni kukavu, na wenzetu wa huko wana nafuu. Ukitaka kuifunga, tumia kitambaa cha pamba nyeupe kilichofuliwa na kukaushwa vizuri, kisicho na wanga wala rangi.

Ukitaka kuijaribu kabla ya kununua, anza na sumaku, kwani fedha haivutwi. Halafu pima kwa mzani mdogo wa sonara. Sarafu ya gramu 28.28 isipungue wala isizidi kwa kiasi cha kuonekana. Ikifeli moja kati ya hizo, irudishe kwa adabu.

La mwisho, usiitoboe. Tumeletewa sarafu za pruufu tuzishone kwenye kilemba na kwenye mkanda wa gauni, na tumekataa kila mara. Sarafu iliyotobolewa inabaki na fedha yake, ila haiwi tena ya kumbukumbu. Kama unapenda mtindo huo, na unapendeza kweli, tumia za bandia za kushonea. Zipo za bei poa, na zile za kweli zibaki sandukuni zikiwa na jina lako kwenye cheti.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie ndoa zenu mapenzi na huruma, aibariki mali zenu, na azifanye ziwe sitara kwenu na kwa watoto wenu. Amin.

Wenye sarafu za bibi zao, tuandikieni mnavyozijua historia zake. Na kabla hujampelekea sonara, isome kwanza imeandikwa nini.